Kuchuja maeneo ya kazi ya wiki kwa lebo: mwongozo kwa anayeandika plagini ya Confluence

Mteja ana ofisi katika wilaya zote tano za Dar es Salaam: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila ofisi ina idara zake, na kila idara imejifungulia eneo lake la kazi (space) ndani ya wiki, yaani tovuti ya ndani ambayo watumishi huandika na kuhariri kurasa zake kwa pamoja. Maeneo yameongezeka mpaka orodha haisomeki. Siku moja anakuita na kusema: "Nataka mtu wa Temeke akifungua ukurasa wa kwanza aone maeneo ya Temeke tu."

Ukisikia ombi hilo unadhani ni kazi ya mchana mmoja. Mimi ilinichukua wiki mbili, na nyingi ya siku hizo ziliishia kwenye jambo moja ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: lebo ya eneo la kazi haikai pale unapodhani inakaa. Nimeandika hatua hizi ili kijana mwenzangu anayepewa kazi kama hii kesho asipite tena porini nilikopita.

Mwongozo unahusu Confluence, programu ya wiki ya kampuni ya Atlassian, inayoendeshwa kwenye seva yako mwenyewe (toleo la Data Center), ambako plagini, yaani programu za nyongeza, huandikwa kwa Java. Toleo la wingu lina njia yake, nitaligusa kuelekea mwisho. Nachukulia unaijua Java kiasi cha kusoma klasi ya mtu mwingine na kuelewa inafanya nini.

(Kuhusu neno lenyewe: kwetu wiki ni siku saba, na mara nyingi kwenye mkutano na wateja nimelazimika kufafanua. Ward Cunningham, aliyeanzisha wiki ya kwanza mwaka 1995, alilichukua kutoka Kihawaii, ambako "wiki" ni haraka. Alikuwa amelisikia kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu.)

Kabla ya msimbo: lebo imebandikwa wapi?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo tukae kidogo.

Confluence huziweka lebo katika koo (namespace). Ukoo wa kwanza ni `global`, ambao ni lebo za kawaida ambazo kila mtu hubandika kwenye kurasa. Wa pili ni `my`, lebo za mtu binafsi, ambazo huonekana kwake peke yake. Wa tatu ni `team`, na huu ndio unaotuhusu. Msimamizi wa eneo la kazi anapokwenda kwenye mipangilio ya eneo lake na kuandika kategoria, kile alichoandika hakihifadhiwi kama kitu kipya kabisa. Kinahifadhiwa kama lebo ya ukoo wa `team`.

Maana yake ni kwamba unaweza kuwa na lebo mbili zenye jina lilelile. Juma wa ukoo huu si Juma wa ukoo ule. Ukurasa wa bajeti una lebo `fedha`. Eneo la idara ya fedha lina kategoria `fedha`. Kwa macho ni neno moja. Kwenye kanzidata ni safu mbili tofauti, kila moja na namba yake. Ukiitafuta lebo bila kutaja ukoo, utapata ile ya `global`, utaitumia kuuliza maeneo, na utarudishiwa orodha tupu. Hakuna kosa litakaloandikwa kwenye logi, kwa sababu hakuna kilichoharibika: umeuliza swali sahihi kuhusu lebo isiyo yenyewe.

Jambo la pili ni kwamba lebo haibandikwi kwenye eneo lenyewe. Kila eneo la kazi lina kitu kinachoitwa `SpaceDescription`, maelezo ya eneo, na Confluence huyachukulia maelezo hayo kama aina mojawapo ya maudhui, sawa na ukurasa. Lebo hubandikwa hapo. Ndiyo maana ukimaliza kuisoma klasi ya `Space` yote hutaona pahali pa kuomba lebo zake moja kwa moja. Lazima upite `getDescription()`.

Kama una ruhusa ya kusoma kanzidata ya majaribio, jithibitishie mwenyewe kabla hujaandika hata mstari mmoja wa Java:

```sql
SELECT s.SPACEKEY, s.SPACENAME, l.NAMESPACE, l.NAME
FROM CONTENT_LABEL cl
JOIN LABEL l   ON l.LABELID = cl.LABELID
JOIN CONTENT c ON c.CONTENTID = cl.CONTENTID
JOIN SPACES s  ON s.SPACEID = c.SPACEID
WHERE c.CONTENTTYPE = 'SPACEDESCRIPTION';
```

Matokeo ya swali hili yahifadhi pembeni. Ndiyo utakayolinganisha nayo plagini yako kila utakapokuwa na mashaka. Isome tu kanzidata, usiiandikie. Confluence ina kumbukumbu zake za ndani (cache) ambazo hazitajua kwamba umebadilisha kitu nyuma yake.

Hatua ya 1: Kubaliana na mteja kuhusu majina ya lebo

Ruka hatua hii na utaijutia. Lebo huhifadhiwa kwa herufi ndogo, na haziruhusu nafasi katikati wala alama kama nukta, mkato, nukta pacha na mabano. Mtu akiandika "Idara ya Fedha" kwenye kisanduku cha kategoria hapati lebo moja.

Mimi hutumia kiambishi na kistari: `wilaya-temeke`, `wilaya-ilala`, `idara-fedha`, `idara-ugavi`. Kiambishi kinasaidia kuliko kinavyoonekana. Bila hicho, lebo `kinondoni` inaweza kuwa wilaya, inaweza kuwa kata, maana Kinondoni ni vyote viwili. Na baada ya mwaka hakuna atakayekumbuka aliyebandika alikusudia ipi. Andika orodha ya lebo zinazokubalika kwenye ukurasa mmoja wa wiki ileile, na waonyeshe wasimamizi wa maeneo. Anayebandika lebo ni wao, si wewe.

Hatua ya 2: Andaa mahali pa kujaribia

Sakinisha kifurushi cha watengenezaji cha Atlassian, kisha:

```
atlas-create-confluence-plugin
cd mchujo-wa-maeneo
atlas-run
```

Amri ya kwanza itakuuliza majina ya mradi. Ya tatu itapakua Confluence nzima na maktaba zake, mamia ya megabaiti, kwa hiyo usiianze kwa bando la simu. Mara ya kwanza inaweza kuchukua muda wa kutosha mtu kwenda na mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni. Ikimaliza, fungua `http://localhost:1990/confluence` na uingie kwa `admin` na nywila `admin`.

Angalia toleo la Java linalotakiwa na toleo la Confluence la mteja wako. Confluence 9, kwa mfano, inataka Java 17.

Sasa tengeneza data ya majaribio. Si maeneo mawili. Tengeneza angalau haya: maeneo matatu yenye `wilaya-temeke`, mawili yenye `wilaya-temeke` na `idara-fedha` kwa pamoja, moja lililowekwa kwenye kumbukumbu za zamani huku likiwa na lebo, moja lisilo na lebo lakini lenye ukurasa wenye lebo `wilaya-temeke`, na moja lenye lebo ambalo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuliona. Tengeneza pia huyo mtumiaji wa kawaida. Utamhitaji kuliko unavyomhitaji `admin`.

Data hii yote inakaa ndani ya folda ya `target`, na amri ya `atlas-clean` huifuta folda hiyo. Ukishamaliza kuandaa maeneo yako, endesha `atlas-create-home-zip` ili uwe na nakala, uieleze kwenye `pom.xml`, na kila utakapoanza upya utaanza na data ileile. Umeme ukikatika katikati ya kazi, au kanzidata ndogo ya majaribio ikiharibika kwa kuzimwa ghafla, hutarudi kubandika lebo moja moja.

Hatua ya 3: Chagua methodi sahihi

Ukifungua `LabelManager` utakuta methodi mbili zinazofanana kama mapacha:

`getSpacesWithLabel(Label)`

`getSpacesContainingContentWithLabel(Label)`

Ya kwanza inarudisha maeneo yaliyobandikwa lebo yenyewe. Ya pili inarudisha maeneo ambayo ndani yake kuna maudhui yenye lebo. Ukitumia ya pili kwa bahati mbaya, lile eneo letu lisilo na lebo lakini lenye ukurasa wa `wilaya-temeke` litajitokeza kwenye orodha. Kwa data ndogo unaweza usigundue. Ndiyo sababu nililiweka kwenye data ya majaribio.

Hata hivyo sikushauri uishie kwenye `getSpacesWithLabel`. Niliishia hapo, na nitaeleza kilichonipata.

Hatua ya 4: Uliza kwa niaba ya mtumiaji

Toleo langu la kwanza lilikuwa safi kwa macho. Lilichukua jina la lebo, likaita `getSpacesWithLabel`, likachora orodha. Nililijaribu kama `admin`, likafanya kazi. Tukalipandisha kwa mteja Ijumaa.

Jumatatu asubuhi nikapigiwa simu na mama wa masijala, mtu mzima tuliyekuwa tumezoeana tangu siku ya kwanza ya mradi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie. Hapa mbele naona eneo limeandikwa Mpango wa Kupunguza Watumishi, Ubungo. Nikilibonyeza linanikatalia. Lakini jina nimeshaliona. Ni kweli?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Mpango ulikuwa bado mezani kwa wakubwa, haujatangazwa, na yeye ni mtumishi wa Ubungo. Confluence ilikuwa imefanya kazi yake, imemfungia mlango. Mimi ndiye niliyemsomea bango la mlangoni. Tangu siku hiyo sijaandika mchujo wowote bila kuanza na ruhusa, na nakuomba nawe usiandike.

Lebo ni kibandiko. Haimfungii mtu wala haimfungulii. Unapoandika plagini, chukulia kwamba methodi unazoziita hazikagui ruhusa kwa niaba yako, mpaka wewe mwenyewe uziambie zikague. Chombo cha kufanya hivyo ni `SpacesQuery`, ambacho kinakuwezesha kuweka lebo na ruhusa katika swali moja:

```java
@Named
public class MchujoWaMaeneo {

    private final SpaceManager spaceManager;
    private final LabelManager labelManager;

    @Inject
    public MchujoWaMaeneo(@ComponentImport SpaceManager spaceManager,
                          @ComponentImport LabelManager labelManager) {
        this.spaceManager = spaceManager;
        this.labelManager = labelManager;
    }

    public List<Space> tafuta(String jina, int mwanzo, int idadi) {
        SpacesQuery swali = andaaSwali(jina);
        if (swali == null) {
            return Collections.emptyList();
        }
        return spaceManager.getSpaces(swali).getPage(mwanzo, idadi);
    }

    private SpacesQuery andaaSwali(String jina) {
        ConfluenceUser mtumiaji = AuthenticatedUserThreadLocal.get();
        if (mtumiaji == null || jina == null) {
            return null;
        }
        String safi = jina.trim().toLowerCase(Locale.ROOT);
        Label lebo = labelManager.getLabel(new Label(safi, Namespace.TEAM));
        if (lebo == null) {
            return null;
        }
        return SpacesQuery.newQuery()
                .forUser(mtumiaji)
                .withPermission(SpacePermission.VIEWSPACE_PERMISSION)
                .withSpaceType(SpaceType.GLOBAL)
                .withSpaceStatus(SpaceStatus.CURRENT)
                .withLabel(lebo)
                .build();
    }
}
```

Tuupitie. `AuthenticatedUserThreadLocal.get()` inakupa mtu aliyeingia kwenye wiki muda huo. Ikirudisha `null`, ama mtu hajaingia, ama msimbo wako unaendeshwa na kazi ya usuli ambayo haina mtu nyuma yake. Mimi narudisha orodha tupu katika hali zote mbili. Ukitaka wageni wasioingia waone kitu, uamue hivyo kwa makusudi na ulipime peke yake. Usiiache `null` ipite kimyakimya mpaka kwenye swali.

`new Label(safi, Namespace.TEAM)` ndiyo ile habari ya ukoo. Kitu hiki unachokitengeneza bado hakitoki kwenye kanzidata. Ni kama kumwelezea mtu unayemtafuta. `getLabel` ndiyo inayokwenda kumtafuta, na ikimkosa inarudisha `null`. Hilo hutokea kila mtu anapokosea herufi, kwa hiyo si tukio la ajabu la kurusha hitilafu.

`withSpaceType(SpaceType.GLOBAL)` inaacha nje maeneo binafsi ya watumishi, yale ambayo ufunguo wake huanza na `~`. `withSpaceStatus(SpaceStatus.CURRENT)` inaacha nje yaliyowekwa kwenye kumbukumbu za zamani. Ukisahau hiyo ya mwisho, maeneo ya miradi iliyofungwa miaka mitatu iliyopita yatarudi mbele ya watu, na watu watayaandikia.

Onyo moja zaidi kuhusu ruhusa. Plagini ikianza kuwa nzito utashawishika kuhifadhi matokeo kwenye `Map` ya klasi ili usiulize tena. Ukiyahifadhi kwa jina la lebo peke yake, mkuu wa idara atafungua ukurasa wa kwanza asubuhi, orodha yake itahifadhiwa, na karani atakayefungua dakika moja baadaye atapewa orodha ya mkuu. Umerudi palepale kwa mama wa masijala. Kama lazima uhifadhi, ufunguo uwe na mtumiaji ndani yake na muda wa kuishi uwe mfupi, kwa sababu ruhusa nazo hubadilika.

Hatua ya 5: Chuja kwanza, kata kurasa baadaye

Anayepika wali wa nazi huchuja tui kabla halijaingia sufuriani. Machicha yakishaingia, huwezi kuyafukuza kwa mwiko.

Nimeona msimbo wa aina hii mara nyingi: unaomba maeneo 20 ya kwanza, kisha unazunguka ndani yake na kutupa yasiyo na lebo. Yanabaki matatu. Mtumiaji anabonyeza "endelea", unaomba 20 mengine, hakuna hata moja lenye lebo, ukurasa unatoka mtupu. Mtumiaji anaona utupu, anadhani amefika mwisho, anafunga. Lakini kwenye ukurasa wa nne kulikuwa na maeneo sita ya wilaya yake.

Ndiyo sababu lebo iko ndani ya swali. `getSpaces` inarudisha `ListBuilder`, ambayo bado haijaleta kitu. Ukiita `getPage(mwanzo, idadi)` inakwenda kuleta kipande hicho tu, kikiwa kimeshachujwa. Ukitaka kuonyesha jumla, iko `getAvailableSize()`.

Hatua ya 6: Lebo mbili kwa pamoja

Baada ya wiki moja mteja atasema: "Sasa nataka ya fedha, ya Temeke tu." Yaani eneo liwe na lebo zote mbili. Kishawishi ni kuchukua maeneo ya Temeke na kuuliza lebo za kila moja kwa zamu. Kwa maeneo mia, hayo ni maswali mia kwa kanzidata kila mtu anapofungua ukurasa, na saa mbili asubuhi wote wanaufungua kwa pamoja. Uliza mara mbili tu, kisha ukutanishe:

```java
public List<Space> tafutaZote(String jinaA, String jinaB) {
    Set<String> funguo = wote(jinaA).stream()
            .map(Space::getKey)
            .collect(Collectors.toSet());
    return wote(jinaB).stream()
            .filter(e -> funguo.contains(e.getKey()))
            .collect(Collectors.toList());
}

private List<Space> wote(String jina) {
    SpacesQuery swali = andaaSwali(jina);
    return swali == null
            ? Collections.emptyList()
            : spaceManager.getAllSpaces(swali);
}
```

Nalinganisha kwa `getKey()` kwa sababu ufunguo wa eneo haujirudii, ilhali majina hujirudia. Kila wilaya ina eneo linaloitwa "Fedha". Hapa kukata kurasa kunafuata baada ya kukutanisha, kwa sababu ileile ya hatua iliyopita.

Hatua ya 7: Mwonekano

Njia rahisi ya kumpa mteja ni makro, kijisehemu kinachochora maudhui yake chenyewe, anayoiweka mwenyewe kwenye ukurasa. Itangaze kwenye `atlassian-plugin.xml`:

```xml
<xhtml-macro name="maeneo-kwa-lebo" key="maeneo-kwa-lebo"
             class="tz.mfano.MakroYaMaeneo">
    <parameters>
        <parameter name="lebo" type="string" required="true"/>
    </parameters>
</xhtml-macro>
```

Klasi ya makro inaita mchujo na kuchora. Kitu kimoja tu nataka ukizingatie:

```java
for (Space eneo : mchujo.tafuta(vigezo.get("lebo"), 0, 50)) {
    html.append("<li><a href=\"")
        .append(HtmlUtil.htmlEncode(njiaYaWiki + eneo.getUrlPath()))
        .append("\">")
        .append(HtmlUtil.htmlEncode(eneo.getName()))
        .append("</a></li>");
}
```

Jina la eneo liliandikwa na mtu. Kwa mteja wangu kulikuwa na eneo linaloitwa "Ununuzi & Ugavi", na alama hiyo ya katikati peke yake inatosha kuchafua HTML isiyosafishwa. Mwingine, mwenye nia mbaya, anaweza kuandika jina lenye msimbo ndani yake, nao ukaendeshwa kwenye kivinjari cha kila anayefungua ukurasa. `htmlEncode` isikosekane.

Orodha ikiwa tupu, usiache ukurasa wazi. Andika "Hakuna eneo lenye lebo hii unaloruhusiwa kuliona." Sentensi hiyo haimwambii mtu kama maeneo yapo au hayapo, na ndivyo inavyotakiwa.

Hatua ya 8: Jaribu kama mtu mwingine

Toka kwenye `admin`. Ingia kama yule mtumiaji wa kawaida. Sasa weka makro kwa `wilaya-temeke` na uhesabu: maeneo matano. Lile lililofungwa lisionekane, la kumbukumbu za zamani lisionekane, na lile lenye ukurasa wenye lebo lisionekane. Andika `Wilaya-Temeke ` kwa herufi kubwa na nafasi mwishoni. Majibu yawe yaleyale. Andika lebo isiyokuwepo. Kisha ondoa lebo kwenye eneo moja, pakia ukurasa upya, uone likitoweka.

Idadi isipolingana, rudi kwenye lile swali la SQL na uangalie safuwima ya `NAMESPACE`. Mara nyingi jibu liko hapo.

Kwa walioko kwenye wingu, au wasiotaka kuandika Java

Plagini za Java hazifanyi kazi kwenye Confluence ya wingu. Huko hutumika Forge, jukwaa la Atlassian la kuandikia programu za wingu, na msimbo unaongea na wiki kwa API ya REST, yaani kwa maombi ya HTTP. Kwenye Data Center nako API ipo, na kwa kazi ndogo inaweza kukutosha bila plagini yoyote:

```
curl -u jina:nywila \
 "https://wiki.mfano/rest/api/space?label=wilaya-temeke&type=global&status=current&limit=50"
```

Usipoandika `limit` utapata maeneo 25 tu, na hili limewadanganya wengi kwamba mchujo umekosea. Kwenye wingu, toleo la pili la API ni `/wiki/api/v2/spaces?labels=wilaya-temeke`, na kurasa zake hufuatwa kwa kiungo cha `next` kilichomo kwenye jibu, si kwa kuhesabu kuanzia sifuri. Majibu ya API hufuata ruhusa za mtu ambaye utambulisho wake umetumika, kwa hiyo ukiweka utambulisho wa `admin` kwenye seva yako na kuwagawia watu wote majibu yake, umelitengeneza upya lile kosa la hatua ya 4 kwa mlango mwingine.

Ukihitaji kurasa zilizomo kwenye maeneo hayo na si maeneo yenyewe, tumia CQL, lugha ya utafutaji ya Confluence: `type = page and space.category = "wilaya-temeke"`. Hapa ukoo wa `team` umeshajumuishwa ndani ya neno `space.category`.

Unapopanga kazi na mteja, mwambie ukweli kuhusu muda. Atlassian walisitisha msaada wa toleo la Server (lile jingine la kuendesha kwenye seva yako) tarehe 15 Februari 2024, na wametangaza kwamba Data Center itafikia mwisho tarehe 28 Machi 2029. Plagini ya Java unayoiandika leo ina miaka michache ya kutumika. Weka mantiki ya kuchuja kwenye klasi yake peke yake, kama tulivyofanya hapa, ili siku ya kuhamia wingu, utakapoandika upya kwa Forge, ujue ni mantiki ipi ya kubeba, na majina ya lebo yabaki yaleyale.

Kupandisha

```
atlas-package
```

Faili la `.jar` litakuwa kwenye folda ya `target`. Lipandishe kupitia ukurasa wa usimamizi wa programu wa Confluence, kwanza kwenye seva ya majaribio ya mteja ikiwa na nakala ya data halisi. Panga iwe Jumanne au Jumatano asubuhi, si Ijumaa jioni. Na kabla hujaondoka ofisini kwao, kaa na karani mmoja, mwombe aingie kwa jina lake mwenyewe kwenye kompyuta yake, na mpitie orodha pamoja, jina kwa jina.